Usinunue uwanja kwa jina: jibu kwa msomaji anayetaka kituo cha Zanzibar ndani ya FSEconomy

Swali:

"Shikamoo kaka. Niko Morogoro, nacheza FSEconomy mwaka wa pili sasa. Naruka kwa X-Plane, mara nyingi na Cessna 172 ya kukodi, siku nyingine Caravan. Nimekusanya v$410,000. Kuna mtu anauza FBO yake Zanzibar kwa v$350,000, nafasi mbili, na mafuta kidogo ndani. Moyo unanituma ninunue kwa sababu Zanzibar ni jina kubwa. Je, ninunue? Nikinunua, mafuta niuze bei gani? Halafu nina marafiki wawili wanataka tuingie pamoja. Nifungue kikundi au niende peke yangu?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Kwa bei hiyo, usinunue. Sasa nieleze kwa nini, na nitakwenda polepole, maana makosa mengi utakayoyasoma humu niliyafanya mwenyewe, mengine mara mbili.

Wapo wasomaji ambao hawaujui mchezo, kwa hiyo niwaweke sawa kwa maneno machache. FSEconomy ni uchumi wa kuigiza unaokwenda sambamba na simuleta ya ndege, yaani programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji wa ndege, kama hiyo X-Plane. Ulianza mwaka 2005 na hauna kiingilio. Unachagua kazi mtandaoni, tuseme abiria watatu kutoka Dar es Salaam kwenda Mafia, unakodi ndege iliyopo uwanjani hapo, kisha unairusha kweli kwenye simuleta yako. Kuna programu ndogo inayosikiliza safari na kuripoti ulikotua. Ukifika unalipwa v$, pesa ambayo hainunui hata andazi nje ya mchezo. Ukishachoka kuwa dereva wa ndege za watu unaweza kununua ndege yako, na ukishakuwa na ndege kinachofuata ni tamaa ya FBO (kwa Kiingereza fixed-base operator), yaani kituo cha huduma uwanjani: pampu za mafuta, wahudumu wa chini, na ukitaka, karakana.

Jina hilo lenyewe lina historia inayokuhusu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Marekani ilijaa marubani waliokuwa wakizunguka na ndege zilizobaki vitani, leo shamba hili kesho lile, wakipandisha watu kwa malipo na kulala chini ya mabawa. Mwaka 1926 ikaja sheria ya biashara ya anga iliyotaka leseni kwa marubani na ukaguzi kwa ndege, na maisha ya kuzunguka yakaanza kuwa magumu. Waliotulia mahali pamoja, wakachimba tangi la mafuta na kujenga banda la matengenezo, ndio walioitwa wahudumu wenye kituo cha kudumu. Tangu siku hizo mwenye FBO ni mtu aliyekaa. Wewe mpaka leo umekuwa mtu wa kuzunguka, na hesabu ya mtu aliyekaa si hesabu unayoijua. Usitarajie kwamba ukiwa rubani mzuri utakuwa na kituo kizuri. Nimeona marubani hodari wakifilisika kwa kibanda kimoja.

Tuipige hesabu ya Zanzibar. Tuseme unanunua mafuta kwa v$3.50 kwa galoni na unauza v$4.20. Hizi ni bei za mfano, zako zitakuwa nyingine, ila pengo la senti 70 si la ajabu. Ili kurudisha v$350,000 kwa senti 70, inabidi uuze galoni 500,000. Cessna 172 unayoikodi tangi lake lote ni galoni 56. Mteja akija karibu mkavu atachukua galoni 50 hivi, lakini wengi huongeza tu, kwa hiyo tuwe wakarimu tuseme kila mteja, mkubwa kwa mdogo, anachukua 60. Ni wateja 8,333. Akija mmoja kila siku bila kukosa, utamaliza kurudisha pesa yako baada ya miaka 22 na ushei.

Utaniambia kaka, kituo hakiozi, nitakiuza. Kweli, FBO inauzika, na hiyo bei si yote ya kutupa. Lakini jiulize: yule anayekuuzia wewe, kwa nini anauza? Na wewe utamuuzia nani? Mnunuzi wa kituo kilichodorora ni mtu mmoja tu duniani, yule ambaye bado hajapiga hesabu niliyokupigia hapo juu.

Mafuta, tena, si chanzo kikubwa cha pesa hata kwenye vituo vinavyokwenda vizuri. Kinacholisha kituo ni ada ya wahudumu wa chini. Kazi ikiondoka kwenye uwanja wenye FBO, asilimia 5 ya malipo yake hubaki pale. Ikitua kwenye uwanja wenye FBO, asilimia 5 nyingine hubaki huko inakoshukia. Hii umekuwa ukiilipa miaka miwili bila kuiangalia, ipo kwenye mchanganuo wa kila safari. Kazi za v$10,000 zikitoka kwenye uwanja wako, v$500 ni zako na hukubeba hata ndoo. Ili uipate hiyo v$500 kwa mafuta, kwa pengo la senti 70, ingebidi uuze galoni 714.

Sasa rudi Zanzibar na macho hayo. Kutoka Dar es Salaam hadi Zanzibar ni maili 39 za baharini. Malipo ya kazi hufuata umbali, kwa hiyo abiria wa maili 39 analipa kidogo, na asilimia 5 ya kidogo unaijua. Mafuta nayo: mtu akitoka Dar ametumia robo saa angani, tangi bado linacheka, atanunua ya nini? Wapo wanaotua Zanzibar na jeti kubwa kutoka Ulaya, na siku moja wa namna hiyo akija atakufurahisha kweli. Lakini huwezi kuweka v$350,000 ukimngoja mgeni wa siku moja. Jina la Zanzibar linauza vyumba vya hoteli kwa sababu watalii wanakwenda kukaa. Ndege hazikai. Zinashusha, zinapandisha, zinaondoka, na kama zimetoka jirani hazina haja na pampu yako.

Wewe ni mtu wa Morogoro, kwa hiyo hili nitakueleza kwa jambo unaloliona kila siku. Kwa nini basi la Dar kwenda Dodoma linasimama Msamvu? Si kwa sababu abiria wote wanapenda Morogoro, mtanisamehe. Ni kwa sababu ukifika Msamvu umekaa kitini vya kutosha, tumbo linasema, kibofu kinasema, na mbele bado ni mbali. Muuza mahindi wa Msamvu hahitaji jina, umbali unamfanyia kazi. Kituo cha ndege kinatafutwa hivyo hivyo. Fungua ramani, tafuta safari mbili ndefu ambazo watu wanazipenda, kisha uliza: ndege ndogo inakaukiwa wapi?

Chukua Dar es Salaam na Mwanza. Moja kwa moja ni kama maili 460. 172 yenye abiria na mizigo haibebi mafuta tele, maana kila kilo ya mafuta inamshusha abiria, na maili 460 nayo yanakuwa safari ya kubana roho. Ukipitia Dodoma ni kama 210, halafu 280. Jumla 490. Yaani kwa maili 30 tu za kupinda, rubani anapata mahali pa kupumua, anajaza, na kama ana akili anabadilisha na abiria wengine. Huko ndiko mtu anafika na tangi limekauka kweli, na kazi za maili 210 au 280 zinalipa malipo ambayo asilimia 5 yake inaonekana. Sisemi lazima iwe Dodoma. Huenda nafasi za pale zimeshachukuliwa, utaona mwenyewe, maana uwanja mdogo una nafasi moja ya kujenga na hata mkubwa hauzidi tatu. Nasema fikra iwe hiyo: tafuta Msamvu yako. Na kumbuka ukubwa wa uwanja ndani ya mchezo ni namba ya mchezo. Usiende na picha ya jengo uliloliona ukimsindikiza shangazi.

Lipo jambo lingine, na hili watu wa kwetu hatupendi kuambiwa. Kwa niliyoyaona, marubani wengi wa mchezo huu wanazunguka Marekani na Ulaya. Afrika Mashariki anga ni tulivu. Kwa hiyo miezi ya mwanzo mteja wako mkubwa utakuwa wewe mwenyewe, na baada yako ni yule utakayemvuta. Anavutwaje? Kwa ndege. Uwanja usio na ndege ya kukodi ni kama stendi isiyo na basi, kazi zinaorodheshwa pale hadi zinaisha muda, hakuna wa kuzibeba. Weka ndege yako moja, 172 au 206, makazi yake yawe hapo, ukodishaji uwe wazi kwa kila mtu. Mchezo una bonasi ya kukodi inayopimwa kwa umbali kutoka makazi ya ndege: anayeirudisha nyumbani analipwa zaidi, anayeipeleka mbali anakatwa. Ipange vizuri hiyo bonasi na ndege yako itakuwa kama njiwa, popote itakapoachwa patatokea mtu wa kuirudisha kwa sababu inamlipa. Na kila inaporudi inaleta abiria, na abiria wanaleta ada.

Sasa nikupe kosa langu la kwanza, kwa sababu najua utatamani kulifanya. Nilipopata kituo changu cha kwanza, cha bara, pampu zilikuwa tupu. Nikasema mafuta si mzigo kama mzigo mwingine? Nitayabeba. Nikanunua mafuta ya bluu pwani, ya ndege za pistoni, nikayapakia kwenye Caravan kilo 1,000 kamili, nikaruka usiku mwendo wa maili 210. Mawingu juu ya milima ya Uluguru, mimi na chai yangu, najiona mfanyabiashara. Nikatua, nikashusha, nikaenda kulala na furaha.

Asubuhi nikachukua kalamu. Galoni moja ya mafuta ya bluu ina uzito wa kilo 2.7 hivi, kwa hiyo kilo 1,000 ni galoni 372. Pengo langu siku hizo lilikuwa senti 60. Nikiuza yote nitapata v$223. Caravan yenyewe ilikuwa imekunywa galoni 70 za mafuta ya jeti kufika pale, kwa v$4 ni v$280. Nilikuwa nimekesha saa nzima na robo, kazi ya hatari ndani ya mawingu, ili nipate hasara ya v$57, bado kodi ya ndege sijaihesabu, na bado hakuna mteja aliyenunua hata tone. Usiku uleule ningebeba abiria wanane ningelipwa maelfu.

Tangu siku hiyo sibebi mafuta kwa ndege ndogo, labda kama ndege inakwenda huko kwa safari nyingine na ina nafasi iliyolala. Mafuta yanaagizwa kwa oda ya jumla kwenye ukurasa wa kituo: unatajiwa bei, unalipa, yanafika baada ya siku kadhaa. Ndiyo maana nakwambia usimalize mtaji kwenye jengo. Ukitoa v$350,000 kwenye v$410,000 unabaki na v$60,000 za kununua mafuta, ndege, na kila kitu. Utakuwa na pampu mbili nzuri zisizo na cha kupampu. Kanuni yangu, na usiikatae kabla hujajaribu, ni kwamba jengo lisile zaidi ya theluthi moja ya pesa uliyonayo.

Ukiamua kujenga kipya badala ya kununua cha mtu, ujue vifaa vya ujenzi lazima vifikishwe uwanjani penyewe, na mzigo wake hupimwa kwa tani, si kwa begi. Hapo Caravan ina maana, au mtu mwenye DC-3 unayeelewana naye.

Halafu kuna mahitaji, yaani bidhaa za kuendeshea kituo kila siku. Hili ndilo jambo dogo linaloua vituo vingi kuliko yote. Kila nafasi ya FBO inakula kilo 10 za mahitaji kwa siku, mteja awepo asiwepo. Nafasi moja ni kilo 300 kwa mwezi, zile mbili za Zanzibar ni 600. Yakiisha, kituo kinafunga: mafuta yamo tangini lakini hayauziki, huduma hakuna. Rubani anayefika akakuta hivyo hakuandikii barua. Anakufuta tu kichwani, na mwakani akipanga safari anapita kwingine bila hata kukumbuka kwa nini. Kwenye ukurasa wa kituo kuna idadi ya siku zilizobaki. Mimi zikishuka chini ya 60 naanza kupanga safari ya kupeleka, na nikisafiri kwenda kijijini kusiko na mtandao nahakikisha zimezidi 90. Ukiwa na nafasi moja, safari moja ya Caravan iliyobeba kilo 900 inakupa miezi mitatu ya usingizi. Ni sababu moja ya mimi kupenda nafasi moja yenye kazi kuliko mbili za kujivunia.

Kosa langu la pili lilikuwa hapo hapo. Kwenye mpangilio wa bidhaa unaweza kuruhusu mahitaji yako yauzwe, mwenye kituo jirani aje anunue kwako. Nilikuwa na tani tatu, nikaona zimezidi, nikaweka tiki ya kuuza na bei nzuri. Kuna sehemu ya pembeni inayouliza kiasi gani kibaki, kisiuzwe. Sikuijaza. Siku ya pili akaja mtu na ndege kubwa, akasomba zote tatu, akalipa vizuri na kwenda zake. Sina ugomvi naye, alinunua kilichokuwa sokoni. Lakini mimi nilikuwa safarini, na kituo kilifungwa kwa siku sita kikiwa na faida ya kuuza mahitaji na aibu ya kutokuwa nayo. Jaza ile sehemu. Ijaze kabla hujaweka tiki.

Bei ya mafuta. Umeuliza uuze bei gani, na watu wengi watakujibu uwe wa chini kuliko jirani. Mimi nasema angalia nani ananunua. Mwenye 172 akija kuchukua galoni 40, tofauti ya senti 20 kati yako na jirani ni v$8. Hakuna mtu anayepinda njia kwa v$8. Mwenye jeti anayechukua galoni 1,000, senti zilezile 20 kwake ni v$200, na huyo amekaa na karatasi analinganisha viwanja vitatu kabla hajawasha injini. Kwa hiyo mafuta ya bluu yape pengo pana kidogo, ya jeti yabane. Na kama uwanja wako hauna hata jeti inayopita, usijaze tangi la jeti kwa fahari. Pesa iliyolala kwenye tangi ni pesa iliyolala.

Ila zaidi ya senti, watu wananunua uhakika. Niliwahi kuwa na jirani maili 70 kutoka kwangu aliyekuwa akiuza chini yangu kwa senti 30. Alikuwa anaishiwa kila mwezi siku tano, sita. Wateja wake walianza kuja kwangu zile siku tano, halafu taratibu wakaacha kurudi kwake hata akiwa nayo. Viwanja vingi vidogo havina mafuta kabisa mpaka mtu afungue kituo, kwa hiyo rubani akiwa bara anaogopa kukwama kuliko anavyoogopa bei.

Karakana iache kwanza. Ndege zote hukaguliwa kila saa 100, na mwenye karakana anapata chake kwenye ukaguzi huo, lakini kwa uwanja usio na ndege zinazozunguka utamkagulia nani? Ndege zako mwenyewe zikifika tatu, nne, hapo karakana inaanza kujilipa kwa kukuokoa usipeleke pesa kwa mwingine.

Kikundi sasa. Marafiki wawili ni baraka, na kikundi ndiyo njia sahihi ya kumiliki kituo pamoja, kwa sababu pesa ya kikundi inakaa kwenye akaunti yake na haichanganyiki na yako. Lakini soma vyeo kabla hujawaalika. Kuna mwenye kikundi, kuna wafanyakazi, kuna wanachama. Mwanachama anaruka na analipwa asilimia yake, basi. Mfanyakazi anagusa mambo ya ndani, pesa ikiwemo. Waanze wote wakiwa wanachama, hata kama mmoja ni shemeji yako. Asilimia ya rubani iandikeni mapema, kabla ya safari ya kwanza, kwa sababu mkianza na "tutaelewana" mtaelewana mpaka siku pesa itakapoonekana. Watatu mna faida moja kubwa: mchezo haumruhusu mtu mmoja kuruka zaidi ya saa 30 ndani ya saa 48, na zaidi ya hapo mna usiku tofauti. Mmoja akiwa kazini mwingine anaruka, na kituo kinaona ndege kila siku. Umeme ukikatika kwako maili 10 kabla ya kutua, safari yako imefutika na ndege imerudi ilikotoka kana kwamba hukuwahi kuondoka. Angalau mwenzako wa mtaa mwingine bado yuko hewani.

Na wekeni daftari. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mchezo unakuruhusu kushusha malipo yote ya kituo kama jedwali na kuyafungua kwenye Excel. Mimi nina safu nne tu: ada ya wahudumu, faida ya mafuta, mahitaji yaliyoliwa kwa bei ya kununulia, na jina la aliyelipa. Safu ya nne ndiyo naiangalia kwanza. Kama kila mstari una jina langu, kituo hakina biashara, mimi najilipa mwenyewe kwa mkono wa kushoto.

Hicho ndicho cha kumuuliza muuzaji wa Zanzibar, kama bado moyo unakutuma. Mwombe kumbukumbu ya malipo ya miezi mitatu iliyopita. Asipoitoa, umejibiwa. Akiitoa, futa mistari yenye jina lake, jumlisha kilichobaki, gawa kwa tatu, uone ni miezi mingapi kufika v$350,000. Muulize pia kama bei inajumuisha mafuta na mahitaji yaliyomo, maana kituo kinaweza kuuzwa na bidhaa zake au bila, na "mafuta kidogo ndani" ni maneno ya mdomoni.

Na kabla ya kununua chochote popote, fanya jaribio hili ambalo mimi sikulifanya. Nunua ndege ndogo moja iliyotumika, ipeleke Dodoma au uwanja wowote uliouchagua kuwa Msamvu yako, weka makazi yake hapo, bonasi ya wastani, ukodishaji wazi. Usiiguse. Ikikaa wiki nne hakuna aliyeipanda, umejua, na ndege unaihamisha tu au unaiuza, hasara yake ndogo. Ikikodiwa, fungua kumbukumbu yake uone ilielekea wapi na ilirudi baada ya siku ngapi, halafu niandikie tena kabla hujaagiza vifaa vya ujenzi.